Si kila kosa ni la umeme: barua ya wazi kwa wauzaji wa kingamwili za utafiti

Kwa kampuni zinazotengeneza na kuuza kingamwili za utafiti, popote zilipo. Na kwa mawakala wao hapa Dar es Salaam.

YAH: NANI ABEBE MZIGO WA KUTHIBITISHA BIDHAA ZENU

Ndugu,

Mimi ni mteknolojia wa maabara, mkazi wa Mbagala, wilaya ya Temeke. Mtafiti huandika andiko, hupata fedha, huchapisha matokeo. Anayesaga mbu, anayeshika pipeti na kukesha na mashine ni mimi na wenzangu. Nyinyi mnatujua kama anwani ya kupelekea mzigo. Malalamiko yetu yakiwafikia, kwa kawaida huishia kwa ofisa mauzo, ndiyo maana haya nimeamua kuyaandika mahali ambapo kila mtu atayasoma.

Msomaji asiye wa fani aniruhusu kidogo. Kingamwili ni protini inayotengenezwa na mwili ili kukamata kitu kimoja mahsusi, iwe kirusi, kimelea au sumu. Maabara huitumia kama kitambuzi: unaimwaga kwenye sampuli, na kama kile kinachotafutwa kipo, inakikamata na rangi inatokea. Mwaka 1975 pale Cambridge, Georges Köhler na César Milstein waliunganisha seli ya panya inayotoa kingamwili na seli ya saratani isiyojua kufa, wakapata kiwanda kidogo kinachotoa kingamwili ya aina moja tu, mwaka hadi mwaka. Mwaka 1984 walitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Niels Jerne. Njia yao haikuwekewa hataza. Biashara yenu imejengwa juu ya zawadi hiyo, na imestawi hasa: mwaka 2023 kampuni ya Danaher ya Marekani iliinunua Abcam, iliyozaliwa hapo hapo Cambridge, kwa takriban dola bilioni 5.7.

Sina ugomvi na faida yenu. Ugomvi wangu unaanza kichupa kinapofika.

Kichupa chenyewe kina mikrolita 100, yaani sehemu ya kumi ya mililita moja, kiasi ambacho ukikimwaga mezani hakitoshi kulowanisha kidole vizuri. Bei yake ni mamia ya dola. Mtafiti wa Boston akiagiza leo, huenda kesho kutwa akawa nacho, na kikimwangusha ataagiza kingine. Sisi tunapita kwa wakala, kwenye ankara, kwenye vibali, kwenye benki, kwenye forodha pale uwanja wa ndege, huku tukiomba barafu kavu isiishe kabla ya mihuri kutimia. Kikifika, nusu ya muda wa mradi imeshaliwa. Kikikataa kufanya kazi, hakuna fedha ya kingine.

Na hapo ndipo swali lenu la kwanza hufika, kwa barua pepe ya heshima kabisa: je, mna umeme wa uhakika?

Nimeliona swali hilo kwa sura nyingi. Friji yenu ikoje? Jenereta huwaka baada ya dakika ngapi? Mafundi wenu wamepata mafunzo? Kuna kampuni moja, sitaitaja, tuliyoiandikia kuwa kingamwili yao inang'aa hata kwenye sampuli ambazo kile tunachotafuta hakimo kabisa. Tulikuwa na daftari la joto la friza, limejazwa asubuhi na jioni, na tulikuwa tayari kulipiga picha kurasa zote. Hakuna aliyeliomba. Walitushauri tuboreshe mazingira ya hifadhi. Miezi ilipita, nikaingia kwenye katalogi yao kutafuta namba ile ya bidhaa: ukurasa haupo. Wameiondoa sokoni. Sisi tulioinunua hatukupata hata mstari mmoja wa taarifa, na data zilizotokana na kichupa kile zilikuwa tayari kwenye jedwali la mtu.

Niseme haki: mara nyingine kosa huwa letu kweli. Umeme hukatika, jenereta hukosa dizeli, na mzigo hukaa juani kwa sababu ofisa wa kugonga muhuri kaenda kula. Ila ugumu wetu umewafaa nyinyi kuliko mnavyokiri. Maabara yenye umeme wa mashaka ni mshtakiwa aliyehukumiwa kabla kesi haijasomwa, na bidhaa mbovu ikiingia Dar es Salaam inapata mahali pazuri pa kujificha. Baya zaidi, sisi wenyewe tumeizoea hukumu hiyo. Kipimo kikigoma, kijana wa mafunzo kazini anaanza kujilaumu mkono wake, anarudia, anarudia tena, na kila akirudia kichupa kinapungua. Wazo kwamba huenda kiwanda ndicho kilichokosea humjia mwisho, wakati hakuna tena cha kurudia.

Dunia kubwa imekwishaliona tatizo hili, tena mahali ambapo umeme haukatiki. Huko Toronto, Ioannis Prassas na Eleftherios Diamandis walinunua seti ya kupimia protini iitwayo CUZD1, waliyodhani ingesaidia kugundua saratani ya kongosho. Baada ya kama miaka miwili na takriban dola laki tano, waligundua kwamba kingamwili za kwenye seti ile zilikuwa zikikamata protini nyingine kabisa, CA125. Mwaka 2015, Andrew Bradbury na Andreas Plückthun, wakiungwa mkono na wanasayansi zaidi ya mia, waliandika katika jarida la Nature wakitaka kingamwili za utafiti zitambulishwe kwa mfuatano wake wa jeni na zitengenezwe kutokana na mfuatano huo, ili mnunuzi ajue anachonunua. Miaka mitatu baadaye, Bradbury na wenzake walichunguza seli 185 za kutengenezea kingamwili, zile zinazosifiwa kutoa aina moja tu. Karibu theluthi moja zilikuwa na minyororo ya ziada ya protini. Lebo inasema moja, ndani kuna mchanganyiko.

Sasa njooni na haya yote hapa kwetu, kwenye mbu.

Mwaka 2004 jiji la Dar es Salaam lilianzisha mpango wa kudhibiti malaria mijini, katika kata 15 za Kinondoni, Ilala na Temeke. Wakazi waliopewa kazi hiyo walipita mtaa kwa mtaa wakihesabu madimbwi, mitaro, mashimo ya matofali na mabwawa ya mpunga, na baadaye wakaweka kiuaviluwiluwi cha kibaiolojia, kwa kuanzia kata za Mikocheni, Buguruni na Kurasini. Usiku, wengine walikaa miguu wazi, tochi mkononi, wakinyonya kwa mrija kila mbu aliyetua kwenye ngozi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kuwa maambukizi yalipungua kwenye kata zilizowekewa dawa. Ni moja ya kazi za afya ya jamii ambazo jiji hili lina haki ya kujivunia.

Katika tafiti za namna hii, mbu akishakamatwa huja mezani kwetu. Unamkausha, unamkata kwa kibanio, kichwa na kifua upande huu, tumbo upande ule, kwa sababu kimelea kilicho tayari kumwambukiza mtu hukaa kwenye tezi za mate. Kichwa na kifua unavisaga kwenye kichupa chembamba pamoja na maji ya chumvi yaliyotiwa kasini, mpaka mbu ageuke ukungu wa kahawia. Sahani ya plastiki yenye vishimo 96 imeshapakwa kingamwili inayoshika protini ya ganda la kimelea. Unamimina, unasubiri, unaosha, unaongeza kingamwili ya pili yenye kimeng'enya, unaosha tena, unatia rangi. Sahani nzima hubaki nyeupe kama maji. Kisha, kishimo kimoja kinaanza kugeuka kijani.

Kishimo kile ndicho kinachoamua hesabu ya mtu wa mtaa fulani anaumwa na mbu wangapi wenye malaria kwa mwaka. Mjini, mbu wenye kimelea ni wachache mno. Tuseme umepima mbu 1,000 na watatu kweli wana kimelea. Vishimo vitatu tu vikidanganya, hatari ya mtaa ule imekuwa mara mbili kwenye karatasi, na pengine dawa itahamishwa kutoka mtaa wenye shida kwenda usio na shida.

Na vishimo hudanganya. Mwaka 2011 watafiti waliochunguza mbu kutoka Vietnam, Kambodia na Tanzania walieleza kuwa kipimo hiki hutoa majibu chanya ya uongo, hasa kwa mbu wanaopenda damu ya wanyama kama ng'ombe na nguruwe. Tiba yake ni rahisi ajabu: chemsha ule ukungu wa mbu kwa nyuzi 100 kwa dakika 10 kabla ya kupima. Kitu kinachoihadaa kingamwili huharibika kwa moto, na protini ya kimelea hubaki. Tazameni ni nani aliyeligundua hilo. Ni watumiaji, walioamua kutoliamini jibu la kijani, miaka zaidi ya 20 tangu kipimo kianze kutumika. Ukiwa na ng'ombe wa maziwa nyuma ya nyumba, kama wengi wetu huku Mbagala, Chamazi, Bunju na Boko, mbu wa uani kwako huenda ni wa aina hiyo hiyo inayoweza kuihadaa sahani. Kingamwili iliyopimwa kwa mbu wa kufugwa maabarani, aliyelishwa damu safi, haijakutana na maisha ya mbu wa Chamazi.

Jibu lenu nalijua: bidhaa imeandikwa "kwa matumizi ya utafiti tu", na ni wajibu wa mteja kuihakiki. Maneno hayo machache yamewabeba sana. Kichupa chenye maandishi hayo hakipitii uchunguzi ambao kipimo cha hospitali hupitia, kana kwamba utafiti hauishii hospitalini. Uhakiki wenyewe mnaotutupia, ule wa maana, unahitaji seli zilizoondolewa jeni ya protini husika, ili kama kingamwili bado inaona kitu, tujue inaona mzuka. Seli hizo nazo zinauzwa, tena na baadhi yenu. Yaani ninunue kitambuzi kwenu, halafu ninunue kwenu pia cha kuthibitisha kwamba kitambuzi si cha uongo. Hata muuza spea wa Gerezani, pamoja na sifa zake zote, akikuuzia feki unarudi dukani kesho yake na kumkuta.

Kuna na hili la majina. Mnanunuliana bidhaa na kubadilisha lebo. Mtafiti mwangalifu, akitaka kuthibitisha jibu lake, ananunua kingamwili ya pili kutoka kampuni nyingine, anapata jibu lile lile, anafurahi. Kumbe ni kingamwili moja, imevaa nguo mbili, na amelipa mara mbili ili ajidanganye vizuri zaidi.

Nikiambiwa hayo hayarekebishiki nitabisha, kwa sababu yamesharekebishwa pembeni yetu. Kila zahanati ya Temeke ina kipimo cha haraka cha malaria, mRDT, kile cha kutoboa kidole. Mstari wake ni kingamwili iliyokaushwa juu ya karatasi, jamaa ya hizo mnazotuuzia. Miaka ya mwanzo soko lile lilikuwa vurugu tupu. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani, pamoja na taasisi ya FIND na wenzao, lilianza kupima bidhaa za makampuni kwa sampuli zile zile na kuchapisha matokeo kwa majina. Awamu ya kwanza ilipima bidhaa 41. Zipo zilizogundua karibu kila sampuli yenye vimelea vichache, na zipo zilizopitwa na nyingi. Wanunuzi wakubwa wakaanza kununua kwa kufuata orodha ile, na zilizofeli zikaboreshwa au zikapotea. Hakuna kiwanda kilichokufa kwa sababu ya ukweli kuwekwa mezani, isipokuwa kile kilichostahili.

Hata kwenye soko lenu mwanzo upo. Mradi wa YCharOS wa Kanada, kwa kushirikiana na baadhi yenu mliotoa bidhaa bure zipimwe, ulichapisha mwaka 2023 matokeo ya kingamwili 614 kwa protini 65. Kwa zile zilizoshindwa kutimiza ahadi, makampuni yaliondoa sokoni karibu asilimia 20 na kubadilisha maelekezo ya matumizi ya karibu asilimia 40. Waliofanya hivyo nawapa mkono kwa dhati. Lakini protini zile zinahusu ubongo na mishipa ya fahamu. Kimelea cha malaria hakimo, mbu hayumo, kichocho hakimo. Magonjwa yetu yanasubiri zamu, na uzoefu wetu wa kusubiri zamu si mzuri.

Jambo ninalolitaka zaidi ni dogo kuliko yote hayo. Mkiondoa bidhaa sokoni, au mkibadilisha maelekezo yake, mwandikieni kila aliyeinunua. Anwani mnazo, ankara mnatutumia bila kukosea hata herufi. Tajeni namba ya toleo, semeni kilichoonekana, semeni tangu lini. Kiwanda cha magari kikigundua breki mbovu huita magari yote yarudi. Nyinyi mnafuta ukurasa. Makala zilizotumia kichupa kile zinaendelea kusomwa, na mwanafunzi wa Muhimbili anaagiza aina ile ile kwa wakala mwingine kwa sababu ameiona imetajwa kwenye makala nyingi.

La pili ni alama ya joto. Nesi yeyote wa kliniki ya watoto Mbagala Rangi Tatu akishika kichupa cha chanjo anatazama kwanza alama ya mraba ndani ya duara. Mraba ukikolea kufikia rangi ya duara, chanjo ile hatoi. Teknolojia hiyo imekuwepo kwenye chanjo ya matone ya polio tangu 1996, kwenye dawa ambayo dozi yake ni ya senti. Vichupa vyenu vya mamia ya dola hutufikia, mara nyingi, bila hata kijikaratasi cha kuonyesha kama viliungua njiani. Wekeni alama ndani ya kila kifurushi. Ikionyesha joto lilipanda kabla mzigo haujanifikia, hasara si yangu. Ikionyesha mzigo ulifika salama na ukaharibikia kwangu, nitanyamaza nilipe. Kinachonishangaza ni kwamba nyinyi, mnaozituhumu friji zetu kila mara, hamjawahi kuwa na hamu ya kuthibitisha tuhuma hiyo kwa alama ya senti chache. Nina dhana yangu kuhusu sababu, nanyi mnaijua.

Mawakala wa hapa mjini, nanyi nina neno. Mnajua kusukuma mzigo bandarini na uwanja wa ndege kuliko mtu mwingine yeyote, na bila nyinyi maabara nyingi zingefungwa. Ila mkiulizwa kingamwili hii ilitengenezwa na nani hasa, kwa seli gani, toleo lipi, msijibu kwa broshua. Ombeni waraka wa toleo kabla ya kuuza, na mtupe vichupa vya majaribio vya kiasi kidogo. Mikrolita 10 za kuonja zingeokoa miradi mizima.

Wakubwa zetu wa vyuo na taasisi sitawaacha hivi hivi. Bohari ya Dawa pale Keko imetufundisha kwamba mnunuzi mmoja mkubwa husikilizwa kuliko wadogo hamsini. Maabara za Dar es Salaam bado kila moja inaagiza kichupa chake kimya kimya, na kila moja inafeli kimya kimya. Daftari moja la pamoja, la nani alinunua nini, toleo gani, likafanya kazi kwenye nini, halihitaji mfadhili. Linahitaji mtu wa kulifungua na watu wa kutoona aibu kuandika "haikufanya kazi". Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) ikiamua kuwa kila mwenye kibali cha utafiti ataje namba ya utambulisho na ya toleo ya kila kingamwili aliyotumia, jambo hili litaanza mwaka huu huu wa fedha.

Nimekumbuka jambo la mbuzi. Mwaka 2016 kampuni ya Santa Cruz Biotechnology ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 3.5 katika shauri lililofunguliwa na wizara ya kilimo ya nchi hiyo kuhusu namna mbuzi na sungura wa kutengenezea kingamwili walivyotunzwa. Vizuri, mbuzi ana haki zake. Ila natafuta bado mahali ambapo muuzaji wa kingamwili ameadhibiwa kwa sababu kichupa chake kilimdanganya mtafiti, na sijapaona.

Sihitaji jibu la "asante kwa maoni yako". Nataka kampuni yoyote, hata moja, iniambie hadharani kwamba kuanzia tarehe fulani itawaandikia wateja wake wote wa Afrika Mashariki kila inapoondoa bidhaa. Ikifanya hivyo nitaandika barua nyingine kama hii ya kuitaja kwa jina, na nitawaambia wenzangu wa Kinondoni na Temeke waanzie kwao kununua.

Wenu katika kazi,

Mteknolojia wa maabara,
Mbagala, Temeke,
Dar es Salaam.

Nakala: Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), wakuu wa maabara za utafiti, Dar es Salaam na Pwani.